Mazoezi, yaani Kuzoea

Madaktari husema fiziotherapia. Wagonjwa wengi husema tiba ya viungo. Jina hili la pili hata mtoto hulielewa. Aliyeanguka na bodaboda kwenye miteremko ya Marani, Kenya, akavunjika mguu hahitaji kufafanuliwa: kiungo kimeumia, kiungo kitatibiwa.

Lakini upo ugonjwa ambao kwake jina hilo humpotosha msikilizaji. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliueleza mwaka 1868, akauita kwa mabaka magumu aliyoyakuta katika ubongo na uti wa mgongo. Siku hizi huitwa maltipo sklerosisi: makovu mengi. Kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayofunika neva, na amri ya ubongo huufikia mguu kwa kuchelewa, au isiufikie kabisa. Mguu wenyewe hauna kosa.

Dalili zake zina majina mazuri kwetu: ganzi, kukakamaa, kisunzi, kupepesuka. Neno lenye matata ni uchovu. Mwambie jirani Marani kwamba umechoka, atauliza umelima wapi, maana uchovu tunaoujua hufuata kazi: kuchuma majani chai, kupandisha mkungu wa ndizi mlimani. Uchovu wa ugonjwa huu huitangulia kazi. Mtu huamka nao. Na kwa kuwa maradhi haya ni nadra karibu na ikweta, jirani hana mwingine wa kumlinganisha naye. Huamua ni uvivu. Tukisema "uchovu wa neva", walau tutamzuia kuhukumu haraka.

Na huduma ya kumsaidia mgonjwa huyu tuiiteje? Kenya twasema urekebishaji, neno linalotufanya tuwaze redio mbovu au mlevi anayeachishwa pombe. Linaahidi kurudisha kitu kilivyokuwa, na hapa ahadi hiyo haitatimia. Watanzania wana utengamao, kutoka kutengamaa: kutulia, kuwa katika hali njema. Hilo halidanganyi.

Ila neno ninalolipenda zaidi tunalo vinywani kila siku. Mazoezi yametokana na kuzoea, na historia ya ugonjwa huu inaonyesha kwa nini neno hilo linafaa. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliona wagonjwa wakififiwa na macho wanapojikaza kwa nguvu. Leo twajua sababu ni joto la mwili: likipanda, dalili huzidi kwa muda, kisha hupungua mwili ukipoa. Hata hivyo, kwa miaka mingi wagonjwa walishauriwa wasijichoshe. Mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, waliwafanyisha wagonjwa mazoezi kwa wiki 15, na nguvu zao zikaongezeka. Makovu hayakufutika, mwili ulizoea.

Wahenga walionya kuwa mazoea yana taabu, nayo taabu hii ina utaratibu wake: kunyoosha misuli iliyokakamaa, kujifunza kusimama bila kuyumba, kuifanya fimbo kuwa mwenzi, kufanya kazi asubuhi kungali na baridi, na kupumzika kabla ya kuchoka.

Basi istilahi zigawane kazi. Utengamao uwe jina la huduma nzima, tiba ya viungo ibaki kwa waliovunjika, na mtaalamu anapomwambia mgonjwa wa neva afanye mazoezi, amweleze pia ni nini anachokwenda kukizoea. Asipoambiwa, atasubiri kupona, na siku asipopona atayaacha.