Frikadelle: Venye Utapika Kababu ya Kijerumani Kwa Keja Yako Nakuru, na Nusu Kilo Ilishe Watu Wanne

Ploti yetu hapa Section 58 kuta ni nyembamba. Kila usiku saa tatu namsikia jirani akirudia "der, die, das" ka mtu anasali rozari. Anasoma Kijerumani, anataka kuishia huko akafanye unesi. Na tangu ule mkataba wa kazi na uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani utiwe saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Chansela Olaf Scholz, hii stori ya Ujerumani imeingia mitaani mbaya.

Jumapili moja akaniuliza, "Kwani hao watu hudishi nini siku ya kawaida?" Mimi nikasema soseji. Akacheka, akaniambia mwalimu wao amewataja kitu inaitwa frikadelle. Tukaamua kujaribu. Batch ya kwanza ilitoka nyeusi nje, mbichi ndani. Na kwa sababu ilikuwa na nguruwe, hatukuhatarisha, tukatupa yote. Nusu kilo ya nyama tarehe 26, unajua venye inauma. Hii hapa ni fomu yenye tulijifunza baada ya hiyo hasara, ndio wewe usichome ganji yako.

Frikadelle ni nini?

Ni nyama ya kusaga yenye imechanganywa na mkate, yai na kitunguu, ikafinyangwa duara bapa, ikakaangwa kwa mafuta kidogo. Inatamkwa "frikadele", na zikiwa nyingi ni Frikadellen. Lakini jina linabadilika ukisonga. Ukiwa Berlin utaitisha Bulette, neno lenye limetoka kwa Kifaransa. Ukienda Bavaria, itabidi upindishe ulimi useme Fleischpflanzerl. Dishi ni ile ile.

Si burger. Burger ya kawaida ni nyama, chumvi na pilipili manga, mkate unakaa nje. Frikadelle mkate uko ndani. Binamu wake wa karibu huku kwetu ni katlesi ya Mombasa, yenye nyama inaongezwa waru zilizopondwa. Hizo dishi mbili zina akili moja: nyama ni kidogo, watu ni wengi.

Siri iko kwa mkate

Watu hudhani mkate umewekwa kujaza tu. Kujaza inajaza, sikatai. Nusu kilo peke yake ingekupea vipande vitano au sita vya maana, lakini na mkate unatoa nane. Ila kuna kazi nyingine. Nyama ikipata moto hujikaza na kufukuza maji yake. Mkate wenye umeloweshwa maziwa unashika hayo maji, na unakaa katikati ya nyama isishikane ikawa ngumu ka soli ya kiatu. Ndio maana frikadelle ya ukweli ni laini hata ikipoa.

Tumia mkate mweupe wa jana ama juzi, ule umeanza kukauka. Usitumie skonzi, ju skonzi zetu zina sukari. Sukari inaungua haraka, na ladha itakuwa ya mandazi.

Nyama: simama hapo ikisagwa

Wajerumani wengi huchanganya nusu ng'ombe, nusu nguruwe. Ng'ombe inaleta ladha, nguruwe inaleta mafuta. Kama hukuli nguruwe, kwa dini ama kwa kupenda tu, tumia ng'ombe pekee, lakini mwambie msee wa bucha asitoe mafuta yote. Nyama kavu itakupea frikadelle kavu.

Usinunue nyama yenye imesagwa tayari ikakaa kwa trei hujui tangu lini. Chagua kipande, angalia kama mzoga uko na muhuri wa mkaguzi, halafu kisagwe ukiona. Mwaka 2019 makala ya NTV iliyoitwa Red Alert ilionyesha madai ya kemikali kuwekwa kwa nyama ya supamaketi ndio ikae nyekundu. Sisemi bucha yako iko hivyo. Nasema macho yako ni ya bure, yatumie.

Kitu kingine: nyama ya kusaga huharibika haraka kuliko kipande kizima. Bakteria za juu ya nyama zinachanganywa hadi ndani. Kama huna friji, nunua siku yenye unapika, usiilaze.

Vitu unahitaji (vipande nane)

- Nyama ya kusaga nusu kilo
- Slaisi 2 za mkate mweupe uliolala
- Maziwa nusu kikombe cha chai
- Kitunguu 1 cha size ya kati
- Yai 1
- Haradali kijiko 1 kikubwa, ile ya manjano ya kopo ama chupa
- Chumvi kijiko 1 kidogo
- Pilipili manga nusu kijiko kidogo
- Pasli kidogo. Ukikosa, weka dania, hakuna polisi wa Kijerumani atakuja Nakuru kukushika
- Mafuta ya kupika vijiko 3 vikubwa. Ukiwa na siagi, ongeza kidogo mwishoni

Fomu ya kupika

1. Katakata mkate vipande vidogo, umwagie maziwa, uache dakika 10. Ukishalainika, ukamue kidogo. Usiwe unadondosha maziwa.

2. Kata kitunguu kidogo kidogo kabisa, ukikaange na mafuta kiasi hadi kilainike. Kiache kipoe. Kitunguu kibichi cha vipande vikubwa ndicho hufanya frikadelle ipasuke.

3. Weka nyama, mkate, kitunguu, yai, haradali, pasli, chumvi na pilipili kwa bakuli moja. Changanya na mkono dakika 2 ama 3 hadi ishikane. Ikianza kunata kwa vidole, imetosha. Usiikande ka chapo, itakuwa ngumu.

4. Toa kipande kidogo sana, ukikaange, uonje. Hapa ndio unajua kama chumvi iko sawa. Usionje ikiwa mbichi.

5. Lowesha mikono na maji, gawanya nyama mara nane, finyanga duara bapa, unene wa sentimita 2 hivi. Bonyeza katikati kidogo na kidole gumba, ju ikipikwa hufura hapo.

6. Pasha kikaango moto wa wastani. Mafuta yakiwa tayari, weka vipande bila kuvibananisha. Viwache. Usigusegusegusegeuze. Dakika 5 upande mmoja hadi vipate rangi ya kahawia, geuza, dakika 5 tena.

7. Punguza moto, funika, acha dakika 3 hadi 4 zaidi ndio ndani iive.

8. Pasua moja yenye ni nene kuliko zote. Maji yakitoka masafi na hakuna sehemu mbichi katikati, uko poa. Ukiwa na kipimajoto, ndani isipungue nyuzi 71.

Penye sisi tulichoma picha

Kosa letu lilikuwa moto. Tulifungua meko yote ka tunachemsha chai ya matanga. Nje ikaungua dakika mbili, ndani ikabaki nyekundu. Kama unatumia jiko la makaa, tandaza makaa, halafu funika na jivu kiasi ndio makali yapungue.

Na usidanganywe na intaneti. Wajerumani wako na kitu inaitwa Mett, nguruwe mbichi ya kusaga juu ya mkate. Huko kuna sheria kali za kuikagua na kuiuza. Huku usijaribu. Nguruwe yenye haijaiva inaweza kukupea minyoo ya tegu, na hiyo si stori ya kupeleka kwa mahojiano ya viza.

Utadishi na nini?

Saladi ya waru, na hapo Nakuru hatuna mpinzani. Waru za Molo, Njoro na Mau Narok ziko hapa hapa karibu. Shida ni moja: Shangi huiva haraka na kuvunjika. Zichemshe na maganda, zichunguze na kisu, zitoe zikiwa bado zimeshikana. Lakini waru za aina nyingine usishangae zikichelewa. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, kwa hivyo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Menya zikiwa vuguvugu, kata slaisi, changanya na kitunguu, siki kijiko 2, haradali kidogo, mafuta, chumvi na supu moto nusu kikombe. Acha zinywe hiyo supu dakika 20. Kaskazini mwa Ujerumani wengi huweka mayonezi, kusini hupenda hii ya supu na siki. Hii ya pili ni bei nafuu.

Ukiwa na haraka, pasua mkate, weka frikadelle, paka haradali, maliza. Kachumbari pia inaingia fiti, ingawa Mjerumani atakuangalia mara mbili.

Zikibaki, weka kwa friji, zimalize siku inayofuata. Huko hudishiwa hata baridi. Kama huna friji, pika nusu ya hii hesabu. Ama fanya venye sisi tulifanya batch ya pili ilipokubali: tuligonga milango miwili ya ploti, tukawa wanne, vipande viwili viwili. Jirani alikula cha kwanza kimya. Cha pili akakiinua juu, akasema "die Frikadelle". Akasema hiyo moja hataisahau kwa mtihani.