Nduthi Yako Inatetemeka Mbele? Soma Hii Kabla Ununue Gurudumu la Mtumba

Venye nilitoka college, anko alinipa nduthi yake nisukume maisha. Asubuhi moja nikiwa Jogoo Road na abiria, nikigonga 60 usukani ukaanza kutetemeka kama simu imewekwa vibration. Nikapunguza, ikatulia. Nikaongeza, ikarudi. Abiria akaniuliza, "Buda, tuko sawa?" Nikamwambia tuko sawa. Hatukuwa sawa.

Jioni nikapeleka kwa fundi. Akaangalia akiwa amesimama mita tatu, akasema gurudumu limeisha. Nikanunua la mtumba, zima na habu yake, 3,500. Kufungiwa, 300. Kesho yake, tetemeko lile lile. Fundi wa pili akasema ni konseti ya shingo, akabadilisha, 900. Bado. Wa tatu alikuwa mzee fulani mtulivu. Akainua nduthi, akashika tairi kwa mikono miwili, akaitingisha, akacheka. "Kijana, ni beringi." Hilo gurudumu la mtumba lilikuja na beringi zake zimekufa, kama tu zile za lile la kwanza. Beringi mbili mpya na kazi, 600.

Piga hesabu. Nilitumia 5,300 kwa shida ya 600. Na hiyo haikuwa sehemu mbaya ya hii stori. Sehemu mbaya inakuja huko chini. Kwanza wacha nikuonyeshe venye unaweza jua shida iko wapi bila kutoa hata bob.

Kwanza, ni gurudumu ama ni injini?

Injini ya nduthi hutetemeka hata ikiwa poa, so usianze kulaumu gurudumu bila kuhakikisha. Simamisha nduthi, weka nyutro, piga resi. Kama mikono inawashwa ukiwa umesimama tu, hiyo ni injini ama bolti zake zimelegea. Kaza hizo kwanza.

Kama inatokea tu ukiwa kwa mwendo, tafuta barabara tupu, fika ile spidi yenye inasumbua, kisha shika klachi uache nduthi iteleze. Resi imeshuka lakini tetemeko limebaki? Hiyo ni gurudumu, shokabu ama shingo. Limeisha papo hapo? Rudi kwa injini.

Na tafadhali, usiachilie usukani eti unacheki. Watu wameanguka hivyo.

Inakuambia nini ikitetemeka?

Kila shida iko na tabia yake:

- Inaanza kwa spidi fulani, ukipita hapo inapungua: rimu imepinda, tairi haijakaa vizuri ama uzito wa gurudumu hauko sawa.
- Inatokea ukifunga breki tu: dramu imelika vibaya, haiko mviringo tena. Kama yako ni ya diski, diski imepinda. Utaskia lever ikipiga vidole kwa mdundo.
- Kuna mngurumo unaopanda na spidi, si na resi: beringi.
- Ukifunga breki ya mbele unaskia "tok" kwa shingo: konseti imelegea.
- Usukani unakataa kunyooka, nduthi inataka kona zake yenyewe: konseti imekazwa sana ama imechimbika vishimo.
- Inavuta upande mmoja, haswa baada ya kuanguka: shokabu ama ekseli imepinda.

Vipimo vya bure, kwa mpangilio huu

Fuata huu mpangilio. Unaanza na vitu vya kuangalia tu, unamaliza na vya kufungua.

1. Presha. Cheki tairi ikiwa baridi, kabla ya kazi. Nduthi nyingi ndogo za boda hutaka karibu 25 hadi 28 psi mbele, lakini ile namba ya stika ya nduthi yako ama kitabu chake ndiyo ya kufuata. Wasee wengi huongeza kwa macho tu, wakibonyeza na kidole gumba. Kidole si kipimo.

2. Tairi. Angalia ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu. Unafaa kuwa umbali sawa kote. Ukizama mahali pamoja, tairi haikukaa vizuri siku ya pancha. Toa upepo, pakaa maji ya sabuni, jaza tena. Ukiona uvimbe kwa ubavu, hiyo tairi ni ya kutupa. Pia tafuta zile namba nne baada ya neno DOT, kama iko nazo. 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka wa 2019.

3. Rimu. Weka stendi ya katikati, msee akalie nyuma ndio mbele kuinuke. Shikilia bisibisi ama kijiti kwa shokabu, ncha ikikaribia rimu bila kuigusa. Zungusha polepole. Angalia nafasi kati ya kijiti na rimu, kushoto kulia, kisha juu chini. Vitabu vingi vya mafundi huweka mwisho kuwa milimita 2. Ikipita hapo, inafaa kunyooshwa.

4. Spoki. Gonga kila moja na spana ndogo. Zilizokazwa hulia "ting". Iliyolegea hulia "tak", kama mtu amechoka. Mara nyingi rimu inayoyumba ni spoki tu, na fundi wa spoki anairudisha sawa bila ununue kitu. Kama rimu yako ni ya aloi, tafuta ufa, haswa penye mikono inashikana na mviringo.

5. Beringi. Bado mbele kumeinuka, shika tairi kushoto na kulia, sukuma na kuvuta kwa zamu. Ikicheza juu ya ekseli, beringi zimeenda. Kisha zungusha ukiwa umeshika shokabu kwa mkono mmoja. Ukihisi kama kuna mchanga unasagwa, jibu ndilo hilo.

6. Shingo. Shika miguu ya shokabu huko chini, vuta mbele, sukuma nyuma, kidole kimoja kikiwa penye shingo inaingia kwa fremu. Ukihisi mchezo hapo, ni konseti. Kisha zungusha usukani polepole kutoka kona hadi kona. Ukinasa katikati kama umeingia shimo, hiyo haikazwi. Inabadilishwa.

7. Ekseli. Hii ni ya mwisho juu unafungua. Itoe, ipanguse, iviringishe juu ya kioo ama meza tambarare. Ikirukaruka, imepinda.

Hizi zote hazimalizi dakika 30. Zingeniokolea 4,700.

Beringi: kitu ndogo yenye huwezi danganywa

Beringi iko na namba ubavuni. Isome, usitaje tu jina la nduthi kwa duka. 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje 37, unene 12. 6300 ni 10, 35, 11. Zinafanana kwa macho, lakini moja haitaingia kwa ekseli ya nyingine. Ukiona 2RS mwishoni, iko na raba pande zote mbili. Hiyo ndiyo unataka, juu vumbi na maji ya barabara zetu haziogopi mtu.

Badilisha zote mbili pamoja. Na wakati fundi anafungua, simama hapo. Katikati ya habu kuna kibomba kinachotenganisha beringi mbili. Kuna mafundi hukisahau chini, ama wakikipata kimepotea wanafunga hivyo hivyo. Ukikaza nati bila hicho kibomba, beringi mpya zinabanwa kando na zinakufa haraka. Kisha unarudi ukilia eti ulinunua feki.

Mwambie pia agonge beringi kwa ule mduara wa nje zikiingia. Ukigonga wa ndani, umeiharibu kabla ifanye kazi hata siku moja.

Mtumba: nini ununue, nini uache

Ukiingia Grogan, yaani Kirinyaga Road, ama kwa yule jamaa wa mtaa mwenye ako na rundo la vyuma nje, ingia na hii akilini.

Usinunue mtumba kamwe: beringi, konseti, breki shuu na pedi, tyubu, waya za breki, sili za shokabu. Hivi ni vitu vya kuisha. Mtu alivitoa juu vilikuwa vimeisha. Tairi pia. Unaokoa pesa kidogo na ndiyo kitu pekee inagusa lami.

Unaweza nunua ukicheki: rimu, habu, ekseli, shokabu, madigadi, stendi, kifuniko cha taa.

Rimu: enda na spoki moja yako na namba za saizi. Hesabu matundu, mara nyingi ni 36 lakini hesabu tu. Ilaze juu ya sakafu tambarare, ikipanda upande mmoja imepinda. Pitisha kidole ndani ukitafuta kutu na mahali imechomelewa. Rimu iliyochomelewa, waachie.

Habu: angalia ndani ya dramu. Ukihisi ukingo mkubwa kwa kidole, imelika. Penye beringi hukaa, beringi haifai kuingia kwa kusukumwa na mkono tu. Ikiingia hivyo, itazunguka ndani na hutapata amani.

Shokabu: viringisha ile chuma ya juu kwa kioo kama ekseli. Pitisha ukucha kwa ile sehemu inang'aa. Ukucha ukikwama kwa kutu, sili mpya itavuja wiki hiyo hiyo.

Na kumbuka kosa langu. Ukinunua gurudumu zima la mtumba, weka beringi mpya siku hiyo hiyo. Hesabu hiyo bei ndani kabla useme umepata deal.

Sasa, ile sehemu mbaya

Wiki tatu baada ya kupona, niko base, jamaa wa stage ya pili akaja kusalimia. Akachuchumaa mbele ya nduthi yangu, akatulia. Kwa habu kulikuwa na herufi mbili zimekwaruzwa na msumari. Mimi nilikuwa nimeziona, nikadhani ni za fundi. Zilikuwa za jina la mtoto wake. Nduthi yake ilikuwa imeibwa usiku, imefungwa nje ya keja, na bado alikuwa analipa loan yake kila siku. Nduthi haiko, lakini loan iko.

Hakunipiga kelele. Aliniuliza tu nilinunua wapi. Nilienda na yeye. Muuzaji hakukumbuka kitu, na mimi sikuwa na risiti. Nilimrudishia gurudumu lake. Langu la zamani lilikuwa bado kwa fundi wa kwanza, nikaliwekea beringi mpya, likakimbia poa kabisa. Halikuwa na shida nyingine yoyote.

Rimu na shokabu hazina namba za usajili. Namba ziko kwa fremu na injini. Ndio maana nduthi ikiibwa inachinjwa, vipande vinauzwa, na vinarudi kwa stage zetu. Ile bei ya kutupa inalipwa na mtu, na mara nyingi ni msee kama wewe.

Sheria nayo haibembelezi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kushughulika na mali ya wizi ni hadi miaka 14 ndani. Si lazima uwe ulijua kabisa. Inatosha kama ulikuwa na sababu ya kuamini ni ya wizi.

So jilinde hivi:

- Nunua kwa mtu ako na mahali pa kupatikana kesho. Si mtu wa kuitana kichochoroni saa mbili usiku.
- Lipa na M-Pesa, usilipe keshi. Ile meseji ni ushahidi wa siku, pesa na jina.
- Itisha risiti, hata ya mkono: jina, namba ya simu, kitu gani, imetoka kwa nduthi gani.
- Piga picha kipande kabla ulipe. Muuzaji akikataa picha, umepata jibu.
- Cheki alama: herufi, rangi, namba zimekwaruzwa ama kusuguliwa. Mahali pamesuguliwa panasema mengi kuliko palipoandikwa.
- Ikiwa ni injini ama fremu, usiguse bila logbuku, na linganisha namba na rekodi za NTSA.
- Bei ikiwa nusu ya kila mtu, jiulize nani alilipa hiyo nusu ingine.

Na ukimaliza kusoma, chukua msumari uende kwa nduthi yako. Weka alama yako kwa habu zote mbili, kwa shokabu na chini ya tanki, kisha upige picha. Haizuii mwizi. Lakini yule jamaa alipata gurudumu lake juu ya herufi mbili tu.

Ikianza kutetemeka kesho, usikimbilie Grogan. Inua mbele, shika tairi kushoto na kulia, tingisha. Anzia hapo.