Kumfananisha Mtunzi: Suala la Mwenye Wimbo wa "Malaika"

1.0 Utangulizi

Futuhi za mapenzi zina desturi ya kale: mtu hufananishwa na mwingine, na mambo yakavurugika hadi onyesho la mwisho. Watazamaji hucheka kwa sababu wao wanajua nani ni nani. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, Bassanio, kijana aliyeposa kwa fedha za kukopa, anasimama mahakamani mbele ya mkewe aliyejifanya mwanasheria, wala asimtambue. Mwishowe pete huondoa shaka, na kila mtu akarudi kwenye jina lake.

Historia ya nyimbo za Kiswahili inacho kisa cha namna hiyo, isipokuwa pete yake haijapatikana. Ni kisa cha wimbo wa "Malaika". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata wa mtunzi wake haukuletwa na hila za watu peke yake. Ulitokana pia na utaratibu wa kurekodi santuri, na hata na namna lugha yenyewe inavyotaja umilikaji.

2.0 Wimbo Mmoja, Wapenzi Wawili

Maudhui ya wimbo huu yanajulikana kote Afrika ya Mashariki: kijana anampenda binti, lakini hana mali ya kumwoa. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1938, aliurekodi pamoja na kundi la Jambo Boys. Aliurekodi tena mwaka 1963 pamoja na Equator Sound Band, chini ya usimamizi wa Charles Worrod, mwenye studio ya Equator mjini Nairobi. Tangu hapo jina la Fadhili likaambatana na wimbo huo.

Hata hivyo, Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga mwaka 1945, alipokuwa akiishi Nairobi. Iwapo dai hilo ni sahihi, wimbo ulikuwapo wakati Fadhili alipokuwa mtoto wa miaka 7. Majina mengine pia yametajwa, likiwemo la Grant Charo. Jambo la ajabu ni kwamba masimulizi ya pande hizi mbili yanafanana mno: katika kila moja yumo kijana fukara, yumo binti aliyependwa, na umo ukosefu wa mali uliowatenganisha. Hivyo kisa chenyewe hakiwezi kutumika kuwa ushahidi, kwa kuwa kinamfaa kila mdai. Mapenzi yaliyovunjika kwa ajili ya mahari yalikuwa mambo ya kawaida kwa vijana waliokwenda mijini kutafuta kazi.

Baadaye Miriam Makeba aliupeleka wimbo ng'ambo, na mwaka 1965 ukatokea katika santuri aliyoshirikiana na Harry Belafonte. Mwaka 1981 kundi la Boney M. nalo likautoa. Kila ulipopita, wimbo ulimpata mwenyewe mpya machoni pa wasikilizaji. Fadhili alifariki mwaka 2001, na mabishano hayakuzikwa naye.

3.0 Upande wa Katanga

Kisa hiki kinawahusu pia wasomaji wa Kalemie. Mji huu, ulioitwa Albertville zama za Wabelgiji, ulikuwa sehemu ya Katanga hadi jimbo la Tanganyika lilipoundwa mwaka 2015. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915. Kwa meli za ziwani, njia hizo mbili ziliunganisha Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Katanga.

Katika Katanga hiyohiyo alitokea Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, akamrekodi akipiga "Masanga" kwa gitaa. Mwenda na Edouard Masengo walifika Nairobi baadaye kwa mwaliko wa Peter Colmore, na upigaji wao ukawaathiri sana wapiga gitaa wa Kenya. Tofauti na "Malaika" ni dhahiri: jina la Mwenda na wimbo wake viliandikwa pamoja tangu mwanzo, na mtunzi alikuwa ndiye mwimbaji. Salim, kwa upande wake, anadai wimbo uliotangulia santuri kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliyetangulia kurekodi ndiye aliyehesabiwa kuwa ametangulia kutunga.

4.0 Kiunganifu Kimoja, Watu Watatu

Lugha nayo ina sehemu yake. Msemaji wa Kiswahili anaposema "wimbo wa Fadhili", kiunganifu -a kinaweza kumaanisha wimbo alioutunga, wimbo anaouimba, au wimbo ambao haki yake ni mali yake. Katika ngoma na harusi, utata huo haumdhuru mtu. Kwenye lebo ya santuri, ambako nafasi ni ndogo na fedha hufuata jina, watu hao watatu hugeuzwa mmoja.

Hali hiyo haikuwa ya Kiswahili tu. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Kundi la Weavers la Marekani liliusikia vibaya mwito wa Kizulu, likauita "Wimoweh", na mtunzi akaandikwa kuwa Paul Campbell, jina la kubuni la kundi hilohilo. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006.

5.0 Hitimisho

Wahenga husema haki ya mtu haipotei. Mambo ya Linda yanaonyesha kwamba haki huweza kurudi, lakini ikamkuta mwenyewe yumo kaburini, na kwamba hurudi pale tu panapokuwa na maandishi ya kuithibitisha. Kwa "Malaika" maandishi ya mwaka 1945 ndiyo yanayokosekana.

Kwa hiyo watafiti wa Kiswahili wa kandokando ya ziwa wana kazi isiyoweza kungoja. Wanapokusanya nyimbo kwa wazee wa Kalemie, Moba au Kigoma, haitoshi kuandika "wimbo wa fulani". Inafaa waulize maswali matatu mbalimbali: nani aliutunga, nani aliuimba, na nani alilipwa. Majibu yakitofautiana, yaandikwe yote kama yalivyo, pamoja na tarehe na jina la msimulizi, maana wengi wa wazee hao hawatakuwapo kuulizwa mara ya pili.