Saa za Kazi na Mshahara: Nchi Mbili chini ya Mfalme Mmoja

Tunapofundisha habari ya mshahara wa haki, desturi yetu ni kuanza na Rerum Novarum, barua ya Papa Leo XIII ya tarehe 15 Mei 1891. Ni vema. Lakini sisi wa Maniema tunalo somo jingine lililo karibu zaidi na mlango wetu. Tangu mwaka 1885 Leopold II alikuwa mfalme wa Wabelgiji, na pia mkuu wa Dola Huru ya Kongo, ambayo watu wetu waliiita Bula Matari. Mkono uleule ulitia sahihi sheria za nchi mbili. Basi tuulize: mfanyakazi wa kule alifanya kazi saa ngapi na kulipwa nini, na wa huku je?

Tusidhani kwamba Ubelgiji ilikuwa nchi ya raha. Mwezi wa Machi 1886 wafanyakazi wa Liège na Hainaut, watu wa makaa na wa viwanda vya vioo, walifanya ghasia kwa sababu ya njaa na mshahara mdogo, na askari wakawapiga risasi. Serikali iliogopa, ikaunda tume ya kuchunguza. Hapo ndipo zilipotoka sheria za kwanza. Ile ya tarehe 16 Agosti 1887 iliamuru mshahara ulipwe kwa fedha halali, si kwa bidhaa, wala usilipwe ndani ya nyumba za pombe. Maana mabwana wengine walikuwa wakilipa kwa vitu vya duka lao wenyewe, nao ndio waliopanga bei. Sheria ya 1889 ilikataza kuwaajiri watoto chini ya miaka 12 viwandani. Vijana chini ya miaka 16 wasizidishe saa 12 kwa siku. Saa kumi na mbili kwa kijana wa miaka 13! Na hiyo ilihesabiwa kuwa huruma. Padri Adolf Daens wa Aalst, aliyechaguliwa kuingia bungeni mwaka 1894, aliwatetea wafanyakazi wa viwanda vya nguo kwa maneno ya Rerum Novarum yenyewe, na taabu zake nyingi zilitoka kwa wakubwa wa Kanisa.

Sasa tugeukie huku. Miaka hiyohiyo, Bula Matari na makompani walilipa kwa mitako, yaani vipande vya waya wa shaba, tena kwa kitambaa na chumvi. Yaani kile ambacho mfalme alikuwa amekikataza kwa Wabelgiji mwaka 1887 kilikuwa ndicho mshahara wa kawaida wa Wakongo.

Kwa habari ya saa, kulikuwa na sheria ya tarehe 18 Novemba 1903. Ilisema kila mtu mzima atafanya kazi ya kodi saa 40 kwa mwezi, naye atalipwa kwa kadiri ya mshahara wa mahali pale. Saa 40 ni siku tano za saa nane. Ukiisoma karatasi hiyo Brussels, utasema Mkongo alikuwa na bahati kuliko mtoto wa Aalst.

Lakini mwaka 1904 mfalme alilazimika kutuma tume ya watu watatu, Janssens, Nisco na de Schumacher, na taarifa yao ilitangazwa Novemba 1905. Walieleza maisha ya mtu wa mpira. Kila majuma mawili hutembea siku moja au mbili, pengine zaidi, mpaka pale msituni ambapo mitambaa ya mpira ingalipo. Hujenga kibanda kibaya, analala mbali na mke wake, katika mvua na hatari ya wanyama. Akishapata kipimo chake hukipeleka posti, ndipo arudi kijijini. Hukaa siku mbili au tatu tu, kisha huitwa tena. Tufanye hesabu wenyewe: katika siku 15, kumi na mbili zimekwenda. Sheria ilihesabu saa za kukata mtambaa. Safari, kibanda na usiku wa msituni havikuhesabiwa. Na mitambaa ilipopungua, safari ilirefuka, bali sheria ilibaki palepale na saa zake 40.

Tume hiyo haikuacha kuwalaumu wamisionari pia, hasa mashamba yenye kanisa ya Wayezuiti, ambamo watu wengine waliwekwa kama yatima wala hawakuwa yatima. Ni haki kusema vilevile kwamba Myezuiti mmoja, Padri Arthur Vermeersch, mwalimu wa Louvain, alitoa kitabu mwaka 1906 akishutumu kazi ile ya nguvu. Mwaka 1905, mwaka wa taarifa ile, bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya mapumziko ya Jumapili. Mtu wa mpira hakuwa na Jumapili.

Wakati huo Kindu ilikuwa ikianza kuwa Kindu tunayoijua. Njia ya reli ya kwenda Kongolo, kilometa 355, ilijengwa kati ya 1906 na 1910, kwa kuwa mto hauwezi kupitika na masua penye maporomoko. Masua ilileta mizigo kutoka Ponthierville, ikashushwa Kindu, ikapakiwa katika treni, ikashushwa tena Kongolo. Mizigo hiyo yote ilipita juu ya mabega. Nani aliandika saa za kungoja masua iliyochelewa?

Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo, na Mkataba wa Koloni ulikataza kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya kompani. Mwaka 1910 ikaja kodi ya fedha: asiye na franka ilimbidi azitafute. Mwaka 1917 zikaja siku 60 za kilimo cha lazima kila mwaka, na pamba ikaanza katika Maniema yetu. Mkulima hakuitwa mfanyakazi, kwa hiyo hakuwa na mshahara. Alikuwa na bei ya pamba, naye siye aliyeipanga. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku hizo zikawa 120.

Tarehe 14 Juni 1921 Ubelgiji ilipata sheria ya saa nane kwa siku, na mwaka huohuo ikafuta kifungu kilichobana wagomaji. Tarehe 16 Machi 1922, miezi tisa baadaye, Kongo ilipata sheria ya mkataba wa kazi, ambamo mfanyakazi aliyeacha kazi aliweza kutiwa gerezani. Mbelgiji wakati huo alikuwa na kura na chama. Mkongo hakuwa na kura wala chama. Kwa maoni yetu tofauti ya saa na ya mshahara ilitoka hapo, wala si katika uvivu wa mtu mweusi, hadithi ambayo baadhi yetu tumeisikia hata mimbarani. Mwaka 1936 Wabelgiji waligoma, wakapata likizo ya siku sita yenye malipo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Élisabethville wakitaka mshahara uongezwe, walipata risasi.

Leo sheria ya Ubelgiji yasema saa 38 kwa juma. Yetu ya Oktoba 2002 yasema saa 45. Inamhusu mwenye mkataba. Mama wa Alunguli avukaye mto kwa mtumbwi alfajiri na mzigo wake wa sombe, akarudi ng'ambo jua likitua, hana mkataba na mtu.