Osaka: Tarehe ya Mji Uliojengwa kwa Mifuko ya Wenyeji

Wageni wengi wa Osaka huanza ziara zao ngomeni, na tarehe ya mji huu inafaa kuanzia hapo pia. Toyotomi Hideyoshi, aliyezaliwa katika ukoo wa chini akapanda hadi kuitawala Japani nzima, alianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1583, akawahamisha wafanyabiashara wa Sakai na Hirano waje kukaa chini ya kuta zake. Mwaka 1615 majeshi ya ukoo hasimu wa Tokugawa yaliiteketeza, na utawala wa nyumba ya Hideyoshi ukaishia pale. Wafanyabiashara walibaki. Wao, wala si watawala, ndio waliojenga sehemu kubwa ya yale ambayo mgeni huyafuata Osaka leo.

Dotonbori ni ushahidi wa kwanza. Mwaka 1612 Yasui Doton alianza kuchimba mfereji kwa mali yake mwenyewe ili mashua zipite kusini mwa mji. Aliuawa katika vita vile vya 1615. Jamaa zake wakaikamilisha kazi mwaka huohuo, na mfereji ukapewa jina lake. Kandokando yake pakaota majumba ya michezo. Mwaka 1684 Takemoto Gidayu alifungua jumba la vikaragosi, na Chikamatsu Monzaemon akamwandikia michezo. Ule wa mwaka 1703, Sonezaki Shinju, haukumhusu bwana wala shujaa wa vita: ulisimulia mapenzi na mauti ya karani wa duka la mchuzi wa soya. Watazamaji walijiona wenyewe jukwaani. Sanaa hiyo, bunraku, bado inachezwa katika jumba la taifa lililofunguliwa karibu na hapo mwaka 1984. Usiku Dotonbori huwaka taa za matangazo, na mafundi hugeuza takoyaki, vitumbua vya duara vyenye kipande cha pweza ndani, mbele ya macho ya mteja.

Kaskazini kidogo kuna Nakanoshima, kisiwa kati ya mito miwili. Ukoo wa Yodoya, matajiri wa mchele, ulijenga daraja la kufikia kisiwa hicho, na soko la mchele likakusanyika mbele ya nyumba yao. Mwaka 1697 soko lilihamia Dojima, ng'ambo ya mto. Mwaka 1730 serikali ya Tokugawa ikalitambua rasmi. Pale watu waliuziana mchele ambao haujafika ghalani, kwa bei ya kulipana siku za mbele, biashara ambayo masoko ya dunia yaliifuata baadaye. Serikali iliwanyang'anya akina Yodoya mali zao mwaka 1705 kwa kisingizio cha anasa iliyopita kiasi, lakini daraja likabaki na jina lao. Madaraja ya mji yalikuwa yapatayo 200, na serikali iligharimia 12 tu. Mengine yalijengwa na kutunzwa na watu wa mitaa.

Desturi hiyo haikufa. Maktaba ya Nakanoshima, ya mwaka 1904, ni zawadi ya ukoo wa Sumitomo. Ukumbi mwekundu wa matofali ulio jirani yake ulitokana na yen milioni 1 alizotoa dalali wa hisa Iwamoto Einosuke mwaka 1911. Alifilisika, akajiua mwaka 1916, miaka miwili kabla ukumbi wake haujafunguliwa. Hakuna jengo la Osaka linalostahili heshima kuliko hilo.

Viwanda vya pamba viliukuza mji, na mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua njia ya kuja Afrika Mashariki. Nyumbani, Meya Seki Hajime alipanua barabara ya Midosuji hadi upana wa mita 44, wenye viwanja kandokando yake wakichangia gharama, na treni ya chini ya ardhi ikaanza kupita chini yake mwaka 1933. Hata mnara wa ngome uliopo sasa, wa zege, ulijengwa mwaka 1931 kwa michango ya raia.

Shinsekai, mtaa wa starehe uliofunguliwa mwaka 1912, ulikuwa na mnara wake, Tsutenkaku. Moto uliuharibu mwaka 1943, na chuma chake kikachukuliwa kwa ajili ya vita. Miaka miwili baadaye mabomu ya Marekani yaliteketeza sehemu kubwa ya Osaka. Wenye maduka wa Shinsekai, waliokuwa wakianza upya, walikusanya fedha wakaunda kampuni, na mnara wa pili wa mita 103 ukasimama mwaka 1956. Chini yake leo kuna vibanda vya kushikatsu, mishikaki inayopakwa unga na kukaangwa.

Mgeni mwenye siku moja apande treni ya Midosuji kutoka Umeda hadi Dobutsuen-mae, kituo cha Shinsekai, akishuka Yodoyabashi kuona Nakanoshima na Namba kuona Dotonbori. Atapita katika mitaa ambayo wenyeji waliilipia daraja kwa daraja, na atajua kwa nini wanaiona kuwa mali yao.