Chai ya Viungo Katika Mwambao wa Afrika ya Mashariki: Ushahidi wa Maneno

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu hata Kilwa pamoja na visiwa vyake, chai haipikwi kwa majani na maji peke yake. Hutiwa iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, na pengine chembe chache za pilipili manga. Kinywaji hiki kimezoewa mno, hata watu wengi hawaulizi kilikotoka. Na wale waulizao hujibiwa upesi kwa mojawapo ya majibu mawili. Wako wasemao kwamba ni kitu cha Kihindi, kilicholetwa kwetu kikiwa tayari kama kilivyo. Wako wengine wasemao kwamba ni kitu cha Kiarabu, kwa kuwa majina ya viungo vyake ni ya Kiarabu. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba majibu yote mawili hayatoshi, na kwamba ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote, yaani maneno yenyewe tuyatumiayo jikoni, wastahili kupimwa upya. Jambo hili si dogo. Mtunga kamusi atiapo alama ya asili kando ya neno, huwa ameandika sentensi moja ya historia. Na akikosea, kosa hilo hunakiliwa vitabuni na kufundishwa shuleni kana kwamba ni kweli.

Yafaa kwanza tueleze jinsi chai hii inavyopikwa. Kwa watu wanne, vikombe viwili vya maji hutiwa katika sufuria. Hutiwa humo iliki tano au sita zilizopondwa, karafuu tatu, kijiti kimoja cha mdalasini, na kipande cha tangawizi kilichotwangwa. Maji huchemshwa mpaka yabadilike rangi na kunukia. Ndipo hutiwa vijiko viwili vya majani ya chai, kisha maziwa vikombe viwili na sukari, na vyote huchemka pamoja kabla ya kuchujwa. Utaratibu huu una sababu yake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chenye kugandisha maziwa, na moto wa maji yachemkayo hukivunja nguvu. Mpishi atanguliaye kutia maziwa huweza kuyaona yakikatika. Chai ya kunywa baridi hupikwa vivyo hivyo, aghalabu bila maziwa, lakini majani huongezwa, kwa kuwa barafu ikiyeyuka huipunguza ukali. Sukari hutiwa chai ingali moto, maana katika baridi haiyeyuki upesi. Kisha huachwa ipoe taratibu. Chai kali ikipozwa ghafula huingia ukungu, kwa kuwa baadhi ya viini vyake hushikamana na kujitenga na maji.

Sasa na tuyatazame majina. Maji, maziwa, kuchemsha, kuponda, kutwanga na kuchuja ni maneno ya Kibantu, na hayana shaka. Majina ya vitu vilivyokuja kwa bahari ndiyo yenye kuhitaji uangalifu, na hapo tunayo kanuni moja nyepesi ya kutusaidia. Kiarabu fasihi hakina sauti ya *p* wala ya *ch*. Kiajemi na lugha za Bara Hindi zinazo zote mbili. Kwa hiyo neno la kigeni lililohifadhi *p* au *ch* haliwezi kuhesabiwa kuwa la Kiarabu mpaka uletwe ushahidi wa namna nyingine.

Tuanze na pilipili. Katika Kisanskriti neno hili ni *pippali*, katika Kiajemi cha kale ni *pilpil*, na Waarabu walipolipokea wakaligeuza kuwa *filfil* au *fulful*, kwa kuwa hawana *p*. Kama Waswahili wangalilipata neno hili kwa Waarabu, pangalikuwapo *filifili*, wala hapana sababu ya Mswahili kuikimbia *f*, maana twasema fedha, faida na fikira bila taabu. Basi pilipili haikupita kinywani mwa Mwarabu kabla ya kufika kwetu. Umbo lake lamwelekea Mwajemi au Mhindi. Walakini, tunapotaka kuitaja pilipili ile nyeusi ya chembechembe twasema pilipili manga, na Manga ni nchi ya Waarabu, hasa Omani. Mmea wenyewe si wa Omani. Asili yake ni Malabar, upande wa kusini-magharibi wa Bara Hindi. Jina hili, kwa hiyo, halitaji shamba bali lataja chombo, yaani mikono iliyouza. Yaonekana pia kwamba sifa hiyo iliongezwa baada ya pilipili kali za Marekani kuenezwa na Wareno tangu karne ya 16. Kabla ya hapo palikuwa na pilipili moja tu, na haikuhitaji kupambanuliwa na nyingine.

Mdalasini latufundisha kinyume chake. Kiajemi chasema *darchini*, maana yake "mti wa Kichina". Kiarabu kikageuza *ch* kuwa *s* na kusema *darsini*. Neno letu lina *s*, wala halina *ch*. Basi hili lilipitia kwa Waarabu. Kisha Kiswahili kikageuza *r* kuwa *l* na kulipa kiambishi *m-*, likaingia katika ngeli ya miti pamoja na mwembe na mnazi. Sukari nayo ni ya mlango huohuo: Kisanskriti *sharkara*, Kiajemi *shakar*, Kiarabu *sukkar*. Lakini sukari guru, ile ya miwa isiyosafishwa, imechukua sifa yake kutoka *gur* ya Kihindi. Hivyo katika tamko moja la maneno mawili twaziona njia mbili.

Karafuu ni *qaranful* ya Kiarabu, nayo kwa asili yatoka katika Kiyunani. La kuangaliwa hapa ni mwisho wake. Kiganda chasema *okugulu*, Kiswahili mguu. Kiganda *omukulu*, Kiswahili mkuu. Kiganda *eggulu*, Kiswahili juu. Kiswahili kimeiangusha *l* baina ya irabu hizo. Karafuu, ambayo tungeitazamia kuwa *karafulu*, imefuata njia hiyohiyo. Sidai kwamba kanuni hiyo peke yake yatosha kutoa tarehe. Lakini neno lililokubali sheria za ndani za lugha kiasi hicho si mgeni wa jana. Mikarafuu ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Maskareni mwanzoni mwa karne ya 19, na sifa ya karafuu za Zanzibar ikaenea duniani kote, hata baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya miti ya Unguja na kuiachia Pemba nafasi ya kwanza. Umbo la neno ladokeza kwamba karafuu yenyewe, ikiwa bidhaa ya biashara, ilijulikana kabla ya shamba.

Iliki ni neno la ajabu zaidi. Mwarabu husema *hal* au *hel*, Mgujarati *elchi*, na Mhindi wa kaskazini *ilaychi*. Hapana *k* katika yote hayo. Lakini katika milima inayootesha iliki yenyewe, Wakannada husema *elakki*, na Wamalayalam *elakka*. Neno letu lafanana na ya wakulima kuliko ya wachuuzi. Hili lapasa kutukumbusha kwamba "Mhindi" katika historia ya mwambao si mtu wa lugha moja. Jahazi zilipakia Gujarati, na zilipakia pia Malabar.

Ushahidi wa vitabu wakubaliana na ule wa maneno. Ibn Battuta alifika Mogadishu na Kilwa mnamo mwaka 1331. Katika maelezo yake ya karamu ya Mogadishu ataja wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na vitoweleo vya ndimu, pilipili na tangawizi mbichi. Chai haitaji. Basi viungo hivi vilikuwa mezani katika mwambao huu karne nyingi kabla ya jani la chai, navyo vilikuwa na kazi zao katika chakula, katika dawa na katika kahawa, ambayo miji yetu huipika kwa tangawizi hadi leo.

Na chai je? Wachina walilipa jani hili majina mawili kwa matamshi ya majimbo yao. Waholanzi walichukua tamko la Fujian, nalo likawa *te*, likaenea Ulaya ya magharibi. Tamko la *cha* lilisafiri kwa nchi kavu mpaka Uajemi, likapata *y* mwishoni, likawa *chay*. Na Wareno, waliokaa Macao, wakachukua *cha* kavu. Wareno walitawala sehemu za mwambao wetu kwa muda wa karne mbili hivi, wakatuachia meza, leso na gereza. Lakini chai hawakutuachia, maana tungalisema *cha*. Wagujarati nao husema *cha*. Waarabu husema *shay*, isipokuwa wale wa Iraki na wa sehemu za Ghuba, ambao kwa ujirani na Waajemi hutamka *ch*. Umbo la Kiswahili, basi, ni lile la Kiajemi na la Kihindustani. Huenda aliyelileta alikuwa Mwarabu wa Ghuba kwa kabila. Lakini neno alilolitamka lilikuwa la Kiajemi.

Hapa ndipo dai la kwamba chai ya viungo ililetwa ikiwa tayari kutoka Bara Hindi linapodhoofika. Mashamba ya chai ya Assam ni kazi ya Waingereza. Chai ya kwanza ya Assam iliuzwa kwa mnada London mwaka 1839, na kwa miaka mingi ilikusudiwa kwa wanywaji wa Ulaya. Serikali ya kikoloni ilitoza ushuru wa kuitangaza chai tangu mwaka 1903, na ndani ya karne ya 20 wauzaji wa barabarani na wa vituo vya reli wakaizoesha kwa umma, wakizidisha maziwa, sukari na viungo, na kupunguza majani yaliyokuwa ghali. Kwa hiyo chai ya viungo yenye maziwa, kama kinywaji cha watu wote, si ya kale hata kwao. Mwaka 1903 huohuo chai ilipandwa Limuru. Katika Tanganyika kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926, baada ya majaribio ya Wajerumani huko Amani na Rungwe. Pande mbili za bahari moja, zenye viungo vilevile makabatini, zilikutana na jani lilelile karibu wakati mmoja. Hatukatai kwamba zilifundishana. Maduka ya Wahindi yalikuwa katika kila mji. Twakataa tu kumhesabu mmoja kuwa mwalimu na mwenziwe kuwa mwanafunzi asiyekuwa na kitu.

Lugha yenyewe yashuhudia. Kinywaji hiki kina majina mawili, chai ya masala na chai ya viungo. *Masala* latoka Bara Hindi, lakini mzizi wake ni *masalih* ya Kiarabu, yaani mambo yenye kufaa. Nalo neno letu maslahi ni la mzizi huohuo. Ndugu hao wawili waliachana njiani: mmoja alikuja kwetu moja kwa moja akaingia barazani na mahakamani, wa pili akazunguka Uajemi na Bara Hindi akaingia jikoni. *Kiungo*, kwa upande wake, ni neno letu halisi, kutoka kitenzi *kuunga*. Mpishi huunga mchuzi, na huunga chai, kwa fikira ileile.

Tena neno chai halikukaa kama mgeni. Limezaa mchaichai, mmea wa majani marefu yenye harufu ya ndimu, kwa kanuni yetu ya kurudia neno ili kuonyesha mfano wa kitu. Chai isiyo na maziwa ni chai ya rangi kwa wengine, chai kavu kwa wengine. Chai ni mlo wa asubuhi, hata kama mezani pana uji. Na mtu aombaye "chai" ofisini pengine hataki kinywaji. Hata mtindo wa kuinywa baridi umekuta maneno tayari: twaita barafu kwa neno la Kiajemi *barf* lililopita Bara Hindi, na ile ishukayo kilele cha Kilimanjaro twaiita theluji, kwa neno la Kiarabu *thalj*. Lugha iliyopokea maneno mawili ikayagawia kazi mbili haikuwa ikipokea tu, ilikuwa ikichagua.

Kwa hayo yote twapendekeza mambo mawili kwa watunga kamusi na walimu. Kwanza, alama ya asili isitiwe kwa kutazama dini au kabila la mfanyabiashara, bali kwa kupima sauti za neno. Pilipili na chai zisiandikwe pamoja na mdalasini na sukari. Pili, pale njia inapojulikana, iandikwe njia nzima, kituo kwa kituo, maana kusema "Kiarabu" peke yake kando ya mdalasini ni kumsahau Mwajemi, na kusema "Kihindi" kando ya masala ni kumsahau Mwarabu. Wanafunzi wetu wengi hufundishwa kwamba Kiswahili kilikopa. Wafundishwe pia kilikopa kutoka kwa nani, kwa mlango upi, na kilifanya nini na mkopo huo. Sufuria moja ya chai yatosha kwa somo la kwanza.