Sikio linasikia, lakini akili iko wapi?

Pale soko Virunga, mjini Goma, makelele hayaishi: wauzaji wanaita wateja, muziki unalia, pikipiki zinapiga klaksoni. Lakini mama muuzaji na muteja wake wanapatana bei bila shida. Masikio yanapokea sauti zote. Akili ndiyo inachagua ile ya kufuata.

Mwaka 1953, Colin Cherry wa Imperial College, London, aliwasikilizisha watu maneno mawili tofauti kwa wakati moja, kila sikio na yake. Mutu alipaswa kurudilia kwa sauti maneno ya upande mumoja tu. Kwa upande wa pili, alitambua kama sauti ya mwanaume imegeuka ya mwanamke, lakini hakuweza kueleza kilichosemwa. Hata Kiingereza kilipogeuka Kijerumani, hakujua. Mwaka 1959, Neville Moray alionyesha kwamba jina la mutu mwenyewe linaweza kupenya: karibu mumoja kwa watatu walilisikia.

Macho nayo yanaweza kuziba masikio. Mwaka 2011, watafiti wa University College London waliona kwamba mutu aliyekaza macho kwenye kazi ngumu anakosa mlio ambao angeusikia kama kazi ni nyepesi.

Ndiyo maana mutu anayevuka barabara akisoma telefone anaweza kugongwa na pikipiki, kisha akaapa kwamba hakusikia klaksoni. Hasemi uongo. Kabla ya kuvuka, telefone iingie mfukoni kwanza.